Solo ya Magitaa Mawili

Yasinta alikuwa amesinzia njia nzima. Alisinzia kutoka Ndanda hadi Masasi, akabadili basi macho yakiwa mazito, akasinzia tena gari lilipoanza kupanda Newala. Kondakta ndiye aliyemgusa bega.

"Sista, tumefika. Au unarudi nasi?"

Alitabasamu kidogo, akachukua mkoba wake. Wiki hiyo wodi ilikuwa imejaa, na mwenzake mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vikamkataa, hivyo akavaa kandambili na kutembea polepole kuelekea nyumbani kwao. Ulikuwa mwezi wa saba. Upepo wa Newala ulipenya hadi ndani ya sweta.

Hakuhitaji kufika mlangoni kujua kwamba Twahiru ameshafika. Pikipiki yake, yenye vumbi la njano la dawa ya mikorosho, ilikuwa imeegeshwa kando ya ukuta. Mwenyewe alikuwa kwenye benchi la barazani, ameinamia gitaa, anarudia noti zilezile tatu kama mtu anayejaribu kufungua kufuli lenye kutu.

"Pole na safari," alisema bila kuinua kichwa.

"Pole na kusubiri."

Hapo ndipo alipoinua macho. Yasinta aliyajua macho hayo tangu walipokuwa vijana, na hata leo, na uchovu wote ule, hakuweza kuyatazama kwa muda mrefu. Akageukia mlango haraka.

Mdogo wake, Winfrida, alikuwa amesimama pale na beseni la nguo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mama Julia. Habari za hapa?"

"Kama ulivyoziacha. Baba amekula uji kidogo. Mgeni wako yuko hapo tangu kabla ya adhuhuri. Maji nimempa." Alitazama magitaa mawili na amplifaya kuukuu iliyounganishwa kwa waya kutoka dirishani. "Mengine sijui."

Akapita na beseni lake.

Yasinta aliingia ndani kumsalimu baba yao. Mzee Alfredi, aliyekuwa katekista kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alikuwa amelala ubavu, shuka limefika kidevuni. Kiharusi kilimpiga msimu uliopita wa korosho, kikauzima upande wake wa kulia na kumnyang'anya maneno. Kimakonde kilianza kurudi, neno moja moja. Kiswahili kilifuata kwa kusuasua.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja."

Mzee alimtazama. Kisha akayapeleka macho barazani, sauti ya gitaa ilikotoka, akayafumba.

*

Hadithi ya Yasinta na Twahiru haikuwa ndefu. Walter, kaka yake Yasinta, alikuwa fundi umeme, na siku moja alirudi nyumbani na kaseti ya bendi ya zamani ya kusini mwa Marekani, wazungu wenye nywele ndefu na kofia pana. Maneno ya nyimbo hawakuyaelewa. Lakini wimbo mmoja ulikuwa na solo iliyowatoa usingizini: magitaa mawili yalianza kwa kulia taratibu, yakapanda pamoja, moja juu, lingine chini yake, kisha yakaanza kukimbia, yakakimbia mpaka ukadhani yataanguka, na hayakuanguka. Walter aliwafundisha wawili, dada yake na rafiki yake Twahiru Sultani. Twahiru alipewa sauti ya kwanza, Yasinta ya pili.

Hawakuwahi kuimaliza. Walioyamaliza mambo yao ni wazee. Mzee Alfredi alisema binti wa katekista hataolewa na Mwislamu. Mzee Sultani naye akasema mwanawe hatafungishwa ndoa na padri. Watu wawili ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote wakakubaliana juu ya hilo. Yasinta akaenda kusomea uuguzi. Twahiru akahamia Masasi, akaoa, akapata binti, Rukaiya, kisha ndoa ikamshinda, wakaachana kwa heshima. Yasinta hakuolewa. Walter akahamia Songea na kuliacha gitaa lake ukutani.

Halafu mwaka huu, kabla ya mikorosho kuanza kuchanua, Yasinta aliita jina la mgonjwa kwenye foleni ya hospitali, kule Ndanda. "Twahiru Sultani." Mwanamume mwenye mvi za mapema juu ya masikio akasimama. Wote wawili wakasahau kilichokuwa kinafuata.

Shida yake ilikuwa mikono. Kazi yake ilikuwa kutengeneza na kuziendesha zile mashine za kubeba mgongoni, za kupulizia dawa mikorosho. Mtetemo wa miaka mingi ulikuwa umevitia ganzi vidole vyake vya kushoto. Daktari alimwambia aziache mashine. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, kilichokwenda huenda kisirudi.

"Kuna jambo moja nataka kulimaliza kabla vidole havijaisha," alimwambia Yasinta siku hiyo, nje ya chumba cha dawa. "Nalijaribu peke yangu kwa simu. Haliwezekani peke yangu. Lina sauti mbili."

Hakuhitaji kumweleza ni jambo gani. Tangu hapo, kila Jumamosi Yasinta alipokuja nyumbani, Twahiru alimfuata Newala na gitaa lake.

*

"Anzia pale tunapopanda," Yasinta alisema sasa, akilipakata gitaa la Walter.

Twahiru aliiweka simu juu ya benchi. Alikuwa ameupunguza wimbo kasi, hivyo gitaa la Mmarekani yule lilitoka likijikokota, kila noti ikisikika peke yake. Walisikiliza kipande kifupi, wakasimamisha, wakakipiga. Wakasikiliza tena, wakasimamisha.

"Unauvuta uzi mapema mno," Yasinta alisema. "Uache kwanza ulie, halafu ndiyo uuvute."

"Nikiuacha nasahau niko wapi."

"Uko na mimi. Nisikilize mimi."

Alijuta kusema hivyo, au pengine hakujuta. Upepo ukapita, ukapeperusha pindo la kitenge chake, na Twahiru akalitazama pindo lile kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyowahi kuishi.

"Umechoka," alisema.

"Nimechoka. Piga."

Walipiga. Sehemu ya taratibu walikuwa wameshaiweza tangu Jumamosi zilizopita. Shida ilikuwa pale magitaa yalipoanza kukimbia. Hapo sauti ya kwanza ilitaka kidole kidogo kinyooke mbali, kiguse uzi mwembamba, kirudi, kiende tena, kwa kasi, mara nyingi mfululizo. Kidole cha Twahiru kilinyooka, lakini hakikujua kimegusa nini. Mara uzi ulitoa sauti ya bati, mara haukutoa kitu.

"Tena," alisema.

Wakarudia. Sauti ya bati.

"Tena."

"Twahiru."

"Tena, Yasinta."

Wakarudia hadi jasho likamtoka katika baridi ile. Mwishowe alilitoa gitaa mapajani, akaukunja na kuukunjua mkono wake wa kushoto, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Jana niliunguza kidole hiki kwenye injini," alisema. "Niliisikia harufu kabla ya maumivu. Maumivu yenyewe hayakuja."

Yasinta aliushika mkono ule. Kwa mazoea ya kazi yake alianza kuugusa kidole kimoja kimoja.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

Yasinta alikuwa amekigusa kidole cha mwisho, na hakukiachia. Mazoea ya kazi yalikuwa yameishia kwenye kidole cha tatu. Hiki alikuwa amekishika kwa sababu nyingine.

"Hapo sisikii kitu," alisema Twahiru taratibu. "Lakini naona umekishika."

Kisha Yasinta akakiachia, akalipakata tena gitaa.

"Nipe sauti ya kwanza."

"Nini?"

"Tubadilishane. Mimi nipande juu, wewe ushuke kwenye ya pili. Ya pili haihitaji kidole kidogo. Nimeipiga miaka yote, naijua."

"Ya kwanza ni yangu."

"Ilikuwa yako."

"Walter alinipa mimi."

"Walter yuko Songea. Vidole vyako vimekataa, Twahiru. Unataka kuumaliza wimbo au unataka kuumaliza ukiwa juu?"

Maneno yale yalimwingia. Aliinuka, akaenda hadi ukingo wa baraza, akasimama akitazama barabara. Yasinta aliuona mgongo wake, shati lililopauka mabegani pale mikanda ya mashine ilipokaa miaka yote hiyo, na akataka kumwita arudi, amwambie basi, tuache, ni wimbo tu. Hakumwita.

Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshusha mzigo barabarani kwa sababu hawezi tena kuubeba. "Nifundishe ya pili," alisema.

Alimfundisha. Haikuchukua muda, kwa kuwa Twahiru alikuwa ameisikia sauti ile ubavuni pake tangu ujanani. Yasinta ndiye aliyehangaika. Ile ya kwanza aliijua kwa masikio tu, si kwa mikono, na ilimbidi aijenge kuanzia chini, kipande kwa kipande, ncha za vidole zikimuuma. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa bondeni aliposema, "Basi. Bila simu. Tuipige yote."

Walianza kwa kulia. Gitaa lake lilitangulia, la Twahiru likaingia chini yake, kwa upole, kama mtu anayeingiza mkono chini ya kichwa cha anayelala. Wakapanda. Jirani aliyekuwa anaanika mihogo akasimama. Walipofika pale pa kukimbia Yasinta alikaza meno, kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda. Mara mbili alikosea, na mara zote mbili Twahiru hakusimama, aliishikilia sauti yake mpaka mwenzake akarudi. Wakakimbia. Kisha noti ya mwisho ikavutwa juu, ikatetemeka, ikabaki hapo hadi amplifaya ikabaki kuvuma peke yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Jirani akarudi kwenye mihogo yake.

Twahiru alikuwa anacheka bila sauti, macho yamelowa. "Kumbe huku chini ndiko ulikokuwa," alisema. "Miaka yote ile. Huku chini unausikia wimbo wote. Mimi kule juu nilikuwa najisikia mwenyewe tu."

"Sasa umejua."

"Yasinta, mimi nimechoka."

"Kila mtu amechoka."

"Nimechoka kukukosa. Kazi siiogopi, upweke nimeshauzoea, lakini hili la kukuona Jumamosi halafu nishuke Masasi nikiwa mtu baki, hili limenishinda. Sikuombi ubadili dini."

"Na mimi sikuombi ubadili yako."

"Basi twende bomani. Tufunge ndoa ya serikali. Wewe Jumapili uende kanisani kwako, mimi Ijumaa niende msikitini kwangu, na siku zilizobaki tukae pamoja."

Yasinta alifungua kinywa kujibu, lakini mlango ulifunguka kwa kishindo.

*

"Nimesikia," alisema Winfrida. Mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni. "Nimesikia yote. Bomani! Binti wa katekista, bomani!"

"Mama Julia, punguza sauti. Baba anasikia."

"Asikie! Alisema hapana akiwa mzima, na leo kwa kuwa hawezi kusema mnamzunguka barazani kwake?" Akamgeukia Twahiru. "Na wewe, shemeji wa magitaa, hukupata wanawake Masasi yote? Wa dini yako, wa rika lako?"

"Wapo," alisema Twahiru. "Si yeye."

"Watu wa jumuiya ya kanisani wananiuliza mimi. Kila Alhamisi. 'Mama Julia, yule Mwislamu wa pikipiki anafuata nini kwenu?' Nijibu nini?"

"Wajibu kwamba ananifuata mimi," alisema Yasinta.

"Anakufuata wewe! Sawa. Na akikupata je?" Sauti ya Winfrida ilipanda, ikavunjika katikati. "Utakwenda Masasi ukae na mumeo. Utakuja Krismasi na kilo ya sukari. Na mimi? Nyie mnapiga magitaa, dada, mimi namgeuza mzee. Asubuhi namgeuza, mchana namgeuza, naamka usiku namgeuza. Mgongo wangu umekwisha. Mume wangu tunaonana kama wapangaji. Hata wimbo mmoja sijawahi kujifunza maishani mwangu!"

Aliketi palepale kizingitini, akafunika uso kwa mikono yenye povu.

Yasinta aliliweka gitaa chini. Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya dini. Aliyaandaa majibu yake ndani ya basi, kila Jumamosi, kabla usingizi haujamchukua. Akaenda kuketi kizingitini, ubavuni mwa mdogo wake.

"Nani amekwambia naondoka?" aliuliza.

Winfrida hakuinua kichwa.

"Wodini kwangu nitaendelea. Lakini nyumba yangu itakuwa hapa Newala."

"Na yeye?"

Twahiru alijibu mwenyewe. "Daktari ameniambia niache mashine. Nataka kufungua duka la vipuri, na korosho ziko huku pia. Naweza kulifungua hapo stendi. Chumba cha Walter kiko wazi. Mchana nitakuwa karibu, mzee akihitaji kugeuzwa nitakuja."

"Wewe? Umgeuze baba yangu?"

"Mama yangu alilala miaka miwili kabla ya kufa. Nani unadhani alikuwa anamgeuza?"

Winfrida alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile bila kukunja uso. Akajifuta pua kwa mkono.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nzito, ya upande mmoja wa mdomo.

"Hapana."

Waliinuka wote watatu. Mzee Alfredi alikuwa amefumbua macho, anautazama mlango. Neno lile lilikuwa la Kiswahili, na lilikuwa limenyooka kuliko neno lolote alilolisema tangu augue.

Yasinta alipiga magoti kando ya kitanda. Mara ya kwanza aliposikia hapana hiyo alikuwa msichana, na alitoka chumbani akilia, akafungasha nguo zake. Aliutazama uso ule ulioporomoka upande mmoja, ndevu nyeupe alizokuwa akimnyoa kwa mkono wake mwenyewe, na akagundua kwamba hana hasira. Hasira inataka nguvu.

"Nimekusikia, Baba," alisema. "Wakati ule nilikusikia, nikakutii. Leo nimekusikia. Lakini sitakutii. Nakupenda, nitakulea mpaka mwisho, na nitaolewa na Twahiru. Vyote vitatu."

Mzee alisogeza mdomo. Akasema kitu kwa Kimakonde, kirefu kidogo, kisicho na baraka ndani yake. Jicho lake zima lilikuwa na machozi, na Yasinta hakujua kama ni ya uchungu au ni ya ugonjwa ule unaotoa machozi bila sababu.

"Saa yake ya kugeuzwa imefika," alisema Winfrida kwa sauti ndogo.

Kisha Twahiru akavua viatu mlangoni, akaingia.

"Samahani, mzee," alisema. Hakuvitegemea vidole vyake. Alipitisha mikono yote miwili, hadi kwenye viwiko, chini ya mgongo wa mgonjwa. Yasinta akashika nyonga, Winfrida akavuta shuka. Wakamgeuza mara moja, bila kumkwaruza, uso ukaelekea dirishani. Twahiru akamwekea mto nyuma ya mgongo, akaupigapiga ukae sawa.

"Hapana," alisema mzee tena, lakini akiwa ameshaegemea mto.

"Sawa, mzee," alijibu Twahiru. Akamfunika miguu.

Winfrida alibaki akiutazama mgongo wa baba yake, kisha mikono yake mwenyewe iliyokuwa haijapata uzito wowote safari hii. Akatoka kwenda jikoni. Baada ya muda walisikia kuni zikivunjwa, na sauti yake, kavu bado, ikiuliza kwa mbali:

"Shemeji, chai unatia sukari au hutii?"

"Natia," alisema Twahiru.

Yasinta alirudi kwenye benchi la barazani. Miguu ilikataa kusimama zaidi. Twahiru akakaa karibu naye, akiacha nafasi kati yao kama watu wanavyoacha pale wapita njia wanapoona. Jua lilikuwa bado halijazama. Wanawake wawili wenye ndoo walikuwa wanapanda kutoka bombani, na mmoja wao alikuwa wa jumuiya ileile ya Alhamisi.

"Jumatatu naingia kazini jioni," alisema Yasinta. "Asubuhi twende bomani tukaandikishe. Tangazo letu walibandike ubaoni, anayetaka kusoma asome."

"Una hakika? Baba yako hajakubali."

"Hajakubali. Pengine hatakubali." Kope zake zilikuwa zinashuka zenyewe. "Nami sitasubiri tena."

Wanawake wenye ndoo walifika usawa wa baraza. "Hodi wenyewe, habari za jioni?" aliita yule wa jumuiya, macho yakimzunguka Twahiru.

"Nzuri, mama. Karibu," alijibu Yasinta. Akasogea, akaimaliza ile nafasi iliyokuwa kati yao, akakiweka kichwa chake begani kwa Twahiru mbele ya mama yule na ndoo yake, na kabla hawajaipita nyumba alikuwa amelala.